Mipaka ya Karuli Niliyokataa Kuiandika

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila niamkapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sekretere katika biro, ile ofisi ya komini ya Karuli, kwetu Kongo mashariki. Karuli ilikuwa komini ndogo ya wakulima: maharage, viazi, ng'ombe wachache, soko la Alhamisi, na biro moja ya mabati ambamo kila karatasi iliandikwa kwa Kifaransa. Wenye mashamba wengi hawakukijua. Mimi nilifundishwa na masista, nami nilikivaa kama gauni la Pasaka. Mtu akinisalimu kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kifaransa, ili ajue yuko wapi.

Asubuhi hiyo aliingia Mzee Lukanga, miguu imejaa tope. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya wale waliogawana vilima siku mzungu wa shamba la kwinini alipoondoka. Mipaka yetu haikuwa na ramani. Ilikuwa miti ya minyaa tu, na sababu ya kila mnyaa ilikuwa kichwani mwake: nani alipewa bonde, nani aliliazima mwaka wa njaa, mjane gani aliahidiwa kurudishiwa.

"Binti yangu," alisema, "chukua kaye, hilo daftari lako, uandike. Ni habari ndefu. Nitakaa hapa mpaka iishe."

Nilikuwa napaka rangi kucha, mwanangu. Sikufichi. Nikamwambia kwa Kifaransa arudi Jumatatu ijayo. Hakuelewa, mlinzi akamtafsiria. Aliporudi, nikampa Jumatatu nyingine. Mara ya nne alisimama mbele ya meza yangu, akakataa kiti.

"Nimetembea saa tatu," alisema taratibu. "Unadhani Kifaransa ndicho kilicholima vilima hivi? Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari unalo wewe, habari ninayo mimi. Siku watu watakapouliza, watakuuliza wewe. Mimi sitakuwepo."

Niliona haya, lakini haya ya kitoto, ile inayogeuka hasira. Nikamwambia biro inafungwa. Majuma mawili baadaye tulimzika, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioimba.

Habari ya vita sitakuchosha nayo. Biro iliungua, tukakimbia, tukakaa kambini hadi watoto niliowazaa wakasahau rangi ya udongo wetu. Kisha tukaletwa huku ng'ambo, kwenye theluji. Nilisafisha wodi za hospitali mjini Saint Paul mpaka magoti yakakataa, na sasa naishi mji jirani wa Hopkins kwa binti yangu. Wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Kanisani, kule mtaa wa Phillips, hunipa kiti cha mbele na kuniita Mama Mkubwa. Nakikalia. Hawajui.

Mwaka huu, theluji haijayeyuka bado, simu ililia nikiwa nachemsha chai. Alikuwa Deo, mtoto wa jirani yetu wa zamani. Watu wameanza kurudi Karuli, aliniambia, na koo mbili zinagombania bonde.

"Mama, nimefungua spika, wazee wanakusikia. Wewe ndiwe uliyekuwa biro. Pande zote zimekubali: utakalosema ndilo litakalofuatwa. Bonde ni la nani?"

Nilisikia kuku, na mtu akikohoa. Nikatafuta kichwani mwangu kama mtu anayepapasa ndani ya gunia tupu.

"Sijui, Deo."

"Fikiri kidogo, Mama. Hata jina moja tu."

"Nililetewa habari yote. Sikuandika."

Hakuna aliyenitukana. Walinishukuru, mwanangu, wakaniuliza hali ya magoti.

Juma moja baadaye Deo alipiga tena. Koo zile mbili zilikutana bondeni na mapanga. Vijana wawili wamekufa, na familia zilizorudi zimekimbia upya. Karuli haina mtu.

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu huja kukusalimia akaenda zake. Majuto yangu hayaondoki. Nimenunua daftari nikajaribu kuandika peke yangu. Nimepata jina la soko na vilima vitatu, tena cha tatu sina hakika nacho. Binti yangu aliniambia, "Mama, pumzika." Nikalifunga.

Basi nakuambia hivi. Mzee akikujia na habari, weka chini ulichoshika. Usimpe siku nyingine. Siku si zako za kugawa. Andika kwa lugha anayoisema yeye, hata kama herufi zinakosea. Na ukishachelewa kama mimi, sema wazi kwamba hujui, usitunge. Hilo ndilo jema pekee nililofanya, na halikumwokoa mtu.

Mungu akupe masikio mapema, mwanangu, wakati bado unaye wa kumsikiliza.