Picha ya Baba Tentini

Hadi leo nikimwona jirani yetu Mama Nafula sokoni, nabadilisha njia.

Maonyesho ya sanaa ya Kitale yalitaka picha ya kibanda changu kizima kabla ya kunikubali, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo. Mara mbili walikuwa wamenikataa. Kibanda sikuwa nacho. Niliazima tenti nyeupe ya kanisa, nikaisimamisha uani kwetu Naitiri, nikatundika michoro yangu. Katikati niliweka ule mkubwa zaidi, uso wa baba, na chini yake maua, maana pale palikuwa patupu.

Nikatoa simu, nikaanza kupiga picha. Wingu lilipokuja, rangi zote zilikufa. Majirani wakaanza kuingia, wakaketi kimya kwenye nyasi nyuma yangu. Nikajiambia, hatimaye watu wetu wameanza kupenda sanaa.

"Mzee anafika saa ngapi?" Mama Nafula aliniuliza kwa upole.

Baba alikuwa ameenda Endebess kuangalia ng'ombe. "Saa kumi," nilijibu bila kugeuka. "Lakini mama, tafadhali usiingie kwa picha."

"Jikaze, mtoto wangu." Aliweka sukari na unga miguuni pangu. "Si jana tu alinisalimia, bana!"

Nilisikia sauti, sikusikia maneno. Jua lilikuwa limetokeza tena, nami nilikuwa napiga picha kama mwendawazimu.

Ndipo baba akaingia langoni akisukuma baiskeli. Aliona tenti, akaona akina mama wakilia. Akavua kofia.

"Woi, jamani," akanong'ona, "ni nani ametuacha?"