Baba Ameenda Gatumba

Sisi tuliokulia mtaa wa Mutanga Nord enzi zile, kengele ya getini hatukuijua. Mgeni aliokota jiwe akagonga bati la geti. Tulikuwa tukiruka kamba vumbini, harufu ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, ikitoka jikoni, bati likilia tu, mimi naachia kamba.

Baba alikuwa avoka, yaani wakili, na watu walimwita Maître. Asubuhi alifundisha sheria chuo kikuu, mchana aliwatetea mahakamani watu walioitwa wezi na wauaji, na Jumamosi alieleza sheria redioni. Majirani walimpenda redioni, wakamnunia kwa ajili ya wateja wake. Alipomtetea kijana aliyeshtakiwa kumuua mwenye duka wa mtaani kwetu, salamu zilikatika kabisa. Baba alisema tu, "Mutu akikosa wa kumusemea leo, kesho ni we." Mama hakuwa na misemo. Alitukalisha chini akatufundisha: "Mutu akiuliza baba, museme ameenda Gatumba. Musiongeze kitu." Gatumba ilikuwa nje ya mji, kule mpakani.

Jumamosi moja bati likagongwa. Mwanamume mrefu, koti zito na jua lote lile, mkono mmoja kaufichia ndani.

"Maître iko?"

"Haiko. Ameenda Gatumba."

Na sauti ya baba ilikuwa ikitoka dirishani, redioni, ikieleza rufaa! Yule mtu akaisikiliza, akatabasamu, akaketi kwenye jiwe. "Basi nitamungojea."

Mama alishika mchi. Mimi nilimwomba Mungu baba apotee njia. Hakupotea. Alipofika, yule mtu akasimama, akatumbukiza mkono ndani zaidi ya koti, nami nikafumba macho. Nikasikia kuku akilia. Kumbe alikuwa kaka wa yule kijana, ameleta kuku wa shukrani. Majaji walikuwa wamemwachia huru wiki ile. Mama alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Jioni tulikula kuku kwa ndizi.

Leo avoka ni mimi, mwalimu ni mimi, na wa redioni ni mimi. Mama ni mzee sasa, anaishi nasi. Binti yangu ana miaka minane, na kamba pekee anayoijua ni ya chaja. Niliapa sitamfundisha uongo ule wa Gatumba. Lakini tangu niliposema redioni kwamba mtu aliyefungwa lazima aambiwe kosa lake, simu yangu inalia, napokea, hakuna anayeongea. Naogopa, sifichi.

Wiki iliyopita kengele ya geti ililia mchana. Nikamsikia binti yangu akimjibu mwanamume getini: "Mama haiko. Ameenda Gatumba." Bibi yake alikuwa amemfundisha.

Nilisimama koridoni, viatu mkononi, nikitega sikio nisikie kuku. Enzi zetu mtu wa kutisha aliketi kwenye jiwe, kila mtu akamwona. Huyu hakutaka kungoja. Aliuliza kwa upole, "Na we mutoto, unasomaka shule gani?"

Jibu la hilo bibi yake hakuwa amemfundisha. Binti yangu akasema ukweli.