Mama Mtarajiwa wa Issenye

Juzi katika duka moja la Mugumu, mzee wa Issenye aliyenitangulia kwenye foleni aliisukuma simu yake juu ya kaunta kwa kidole kimoja, kana kwamba inang'ata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soma."

Dada wa kaunta akasoma: "Hongera, mama mtarajiwa! Nepi zimeshuka bei."

"Mama watoto aliisoma kabla yangu. Siku ya tatu hii hanipikii. Anauliza huyo mama ni nani."

Dada akaeleza: ukinunua kitu ukataja namba ya simu, kompyuta ya duka hutuma habari hizo kwenye mtambo ulioko mbali, nao hukisia wewe ni mteja wa namna gani.

"Namba yangu wanaitaja majirani wote, tunachanga pointi za duka tupate zawadi ya toroli. Mjamzito ni yupi, nitajuaje?"

"Basi tuwazuie wengine wasiitaje?"

"Pointi zipungue? Hapana! Mwandikie mama watoto barua, piga muhuri: mimba hii ni ya mtambo."

Barua ikaandikwa kwenye kompyuta ya duka, namba yake ya simu ikiwemo. Mzee anaikunja, simu ikalia. Dada akasoma, akaziba mdomo.

"Asante kwa kututembelea leo, mama mtarajiwa."

Zamu yangu ikafika. Nikaulizwa namba ya simu. Nikasema sina simu, nayo ninayo mkononi.