Père à Revoir

Mtu akinitolea ulimi, hata kwa mchezo, damu inanichemka. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na ndiyo sababu wananifanyia kila nikigeuka kuandika ubaoni. Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kisangani, na mbele yangu kuna watoto hamsini na kitu wasiotaka kabisa kujua ndani ya seli kuna nini. Wanataka maajabu. "Madame, juu ya nini kuku ikikunywa mayi inaangalia mbingu? Madame, juu ya nini mutu moja akipiga miayo, wote banapiga?"

Ya kuku nawajibu haraka. Haisali, wala haimshukuru Mungu, hata kama koko zenu, bibi na babu, wanasema hivyo. Haiwezi kufyonza, basi inachota maji kwa mdomo, inainua kichwa, na maji yanateremka yenyewe. Namna mbwa anavyokunywa nayo wanaijua vibaya: wanadhani anaukunja ulimi kwa mbele kama kijiko. Mbwa anaukunja kwa nyuma, chini ya kidevu, anauvuta juu kwa nguvu na maji yanaufuata mdomoni. Ya miayo nawaambia ukweli, kwamba hata wataalamu bado wanabishana, na mimi sijui. Wanalichukia sana jibu hilo. Mimi nalipenda kuliko yote, kwa sababu mtu mmoja alishindwa kulisema, akaivunja nyumba yetu kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikaa mtaa wa Kabondo, katika nyumba ya papa, mtumishi wa serikali, mtu wa Maniema, suruali yake ikiwa na mstari wa pasi hata siku za mvua. Mama alikuwa mtoto wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mwenye kicheko cha kusikika kwa majirani. Wa nne alikuwa shangazi, dada mkubwa wa papa, aliyekuja kututembelea wiki mbili akakaa miaka minne. Hakumpenda mama na hakuficha. Alisema watu wa mto wananuka samaki hata wakitoka kuoga. Mama alimjibu kwa kumpakulia samaki zaidi.

Mwalimu wetu wa biolojia, ambaye tulimwita Monsieur tu, siku moja alisimama mbele ya darasa akatoa ulimi uliokunjwa pande zote mbili kama bomba. Akasema uwezo huo unarithiwa. "Lazima papa ao mama akue nayo. Kama wote wawili hawana, mutoto hawezi kuwa nayo. Point final." Akatupa kazi ya nyumbani: kila mtu achore jedwali la familia yake na aandike nani anaukunja na nani hapana.

Mimi niliweza kuukunja tangu utotoni bila hata kufikiri. Nilifurahi mno. Wakati wa chakula niliwaambia wote watoe ulimi nje. Papa alianza, kwa makini, kama mtu anayejaza fomu. Ulimi wake ulilala bapa. Mama naye akatoa wake, bapa vilevile, akacheka mpaka akashika meza. Nikawatolea wangu, bomba safi. Nikaandika: papa hapana, mama hapana, mimi ndiyo. Shangazi hakutoa ulimi. Alikuwa anaiangalia karatasi yangu, na mimi mjinga nikadhani anausifu mwandiko.

Daftari lilirudi na wino mwekundu pembeni ya jedwali. Monsieur alikuwa ameandika kwa Kifaransa: Impossible. Père à revoir. Haiwezekani, baba aangaliwe upya. Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Labda alitaka tu nimtazame papa ulimi mara ya pili, maana huenda nilitazama vibaya. Labda alikuwa anatania. Sentensi ile ina milango miwili, na kwetu watu waliingia wote kwa mlango mmoja.

Kila Jumamosi papa alisaini madaftari yangu. Ilikuwa desturi yake: alivaa miwani, alisoma kila ukurasa, akaweka sahihi ileile ya ofisini. Papa aliamini karatasi. Ukimwambia mvua inanyesha alitaka kwanza kuiona imeandikwa. Siku hiyo alisoma wino mwekundu, akarudia, na shangazi akawa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Ndugu yangu," shangazi alisema, "ata mwalimu anajua. Njo we moja tu haujui."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Papa hakumuuliza kitu. Alichukua kalamu akasaini chini ya maneno yale, na mstari wake mrefu mwishoni, kama anapitisha barua ya mkubwa wake. Ningemsamehe kama angepiga kelele. Sahihi ile sikuisamehe.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina. "Ambia mutoto ya mama yake alete mayi," papa alimwambia mama, na mimi nimesimama palepale. Mutoto ya mama yake hivi, mutoto ya mama yake vile. Shangazi alitaka mama aape mbele ya watu. Mama alikataa.

"Mi siapi juu ya ulimi ya mutu," alisema. "Mwenye nilizaa naye iko pale, anasoma gazeti."

Papa aligeuza ukurasa wa gazeti.

Mwisho wa mvua mama alifunga vitu vyake akapanda masua mtoni kwenda Yanonge. Mimi aliniacha kwa sababu ya shule. Shangazi alifagia chumba chake siku hiyohiyo, akiimba. Nilimchukia shangazi, nilimchukia Monsieur, lakini kwa siri nilijichukia mimi zaidi. Mimi ndiye niliyewaambia watoe ulimi. Ulimi hauna mfupa, wanasema watu, na kweli, wangu ulikunjika tu kidogo na mtu akafukuzwa kwake. Nililala nao mdomoni miaka yote hiyo.

Papa alinilea, siwezi kusema hapana. Alisaini madaftari yangu mpaka diploma. Lakini lile jina halikubadilika, na mimi nilichagua biolojia kwa hasira tu, nione kama wino mwekundu ulikuwa na haki. Chuoni hakuna aliyezungumza habari za ulimi. Nikawa mwalimu, na kila mwaka nikifika ukurasa wa ulimi, kwa maana kitabu ni kilekile, niliuruka. Jambo lile liliniogopesha. Nilikuwa na umri wa kuwa na watoto wangu mwenyewe, na bado niliogopa kwamba kitabu kinasema kweli.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikigundua kile kipande akapiga kelele: "Madame, tufanye ulimi!" Kabla sijamkataza, darasa zima lilikuwa limetoa ndimi. Walikuwamo mapacha wawili, wasichana wa yai moja, hata mimi nawatofautisha kwa viatu. Mmoja aliukunja. Mwenzake alijaribu mpaka macho yakamtoka, wapi. Watoto wakaangua kicheko. "We walikuokota ku mto!" wakamwambia, na yule msichana akaanza kulia.

Nilisimama na chaki mkononi. Yai moja. Mama mmoja, baba mmoja, urithi uleule mpaka chembe ya mwisho, na ndimi mbili zisizofanana. Kama jambo lile lingekuwa la kurithi kama alivyosema Monsieur, wasichana wale wasingeweza kutofautiana. Nilimwambia yule mtoto afute machozi, kitabu ndicho kijinga. Wiki iliyofuata alinisubiri mlangoni, akatoa ulimi wake mbele ya pua yangu, umekunjwa bomba. Dada yake alikuwa amemfundisha mbele ya kioo.

"Nilijifunza, Madame."

Ni mara moja tu katika kazi hii nimemkumbatia mwanafunzi. Baadaye nilitafuta, nikasoma, nikakuta wenye elimu yao waliliacha jambo hilo siku nyingi. Wapo wanaozaliwa wakiweza, wapo wanaojifunza, na wazazi wawili wasioweza wanaweza kupata mtoto anayeweza bila mtu yeyote kutenda dhambi. Vitabu vilikuwa vinanakiliana tu. Monsieur alikuwa ameshakufa. Sikupata hata mtu wa kugombana naye.

Nilibaki na papa. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya misa, na daftari la zamani mkobani, maana nililitunza. Amezeeka, amestaafu, lakini suruali bado ina mstari. Nilimweleza yote: mapacha, kioo, vitabu. Nilieleza polepole, kwa sauti ya darasani, kwa sababu ningetumia sauti nyingine ningemtukana. Nikamwambia sitaki kitu kingine, nataka asafiri nami mpaka Yanonge amwambie mama sentensi moja tu: haukunidanganya.

Papa alivua miwani. Alifungua mdomo, nikadhani anataka kusema. Akatoa ulimi, na ulimi ulikuwa umekunjwa. Bomba safi, kama langu.

"Papa. Ile ulijifunza siku gani?"

"Kitambo. Kisha mama yako kuondoka. Nilikuwa mi peke, nikajaribu ku kioo ya kunyolea ndevu. Ikakubali."

"Donc ulijua! Ulijua kitabu iko bongo, iko uongo, na ukanyamaza miaka yote?"

"Ningesema nini? Alikuwa asha kuenda. Ile mambo ilipita, mama."

Aliniita mama, vile baba anavyombembeleza binti yake, na nilitamani kuvunja kitu. Niliweka daftari mezani, wazi, palepale penye wino mwekundu na sahihi yake. Nikampa kalamu. Nilimwambia, kama kusema ni vigumu, aandike, yeye si mtu wa karatasi? Aliipokea. Kisha akaifunga kifuniko vizuri, akanirudishia. Ulimi wenye umri ule ulijifunza kukunjika, lakini neno moja la haki ulishindwa kulitoa.

Nilikwenda Yanonge peke yangu. Mama alikuwa anakausha samaki juu ya moto, kitambaa kichwani, moshi unamfuata popote anaposimama. Nilikuwa nimejipanga nimpe habari kama zawadi. Nikamweleza: ulimi si ushahidi, Mama, na papa mwenyewe anaukunja sasa, alijifunza baada ya wewe kuondoka.

Mama aligeuza samaki mmoja, akageuza wa pili.

"Njo vile alikusemea? Kisha mi kuondoka?"

"Ndiyo."

"Aka. Mi nilikuwa mu nyumba." Hakuinua sauti. "Ile posho ya kwanza tu, ile juma kisha ile daftari, nilimukuta na kile kioo yake. Anatosha ulimi inje, anarudisha, anatosha. Siku zingine nikamuona tena. Mpaka siku moja ikakunjika. Mi nilikuwa nyuma ya rideau, ile pazia ya mulango. Alicheka peke yake, mutoto wangu, alifurahi kabisa. Nikasema ndani ya roho, bon, sasa atakuja kunisemea."

"Na wewe haukumwambia kwamba ulimwona?"

"Niseme nini? Mwenye deni ya neno iko yeye. Nilingoja. Miezi mbili nilingoja. Nilikuwa naweka chakula yake, naangalia mudomo yake. Anakula, anafuta, anaenda. Na we anakuita tu mutoto ya mama yako, na iko anajua. Njo nikapanda masua."

Miaka yote niliamini ni ulimi wangu uliomfukuza. Ule wangu haukumfukuza mtu. Ukweli ulifika nyumbani kwetu mapema, ukajionyesha kwenye kioo cha kunyolea, na mwenye kioo akaumeza, akaniacha mimi mtoto niubebe. Nililia pale motoni, kwa hasira na si kwa huzuni, na mama akaniambia nisogee, moshi utaniumiza macho.

Papa alinipigia simu nilipokuwa bado safarini kurudi. Bila shaka alikuwa na wasiwasi nimeambiwa nini. Sauti yake ilikuwa laini sana.

"Allô? Mutoto yangu?"

Hakuwa ameniita hivyo tangu ile Jumamosi ya sahihi. Nilikuwa na miaka kumi na tatu nikilisubiri neno hilo kila jioni, naye alikuwa nalo mdomoni muda wote.

"Hapana," nilimwambia. "Mi ni mutoto ya mama yangu."

Nikakata simu.