Courant Imerudia

Juzi jioni, nikiwa mtaani kwetu Kampemba nafunga vyombo vya marehemu bibi yangu kwenye magunia, balbu ya sebuleni iliwaka ghafla. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikasimama na sufuria mkononi, nikingoja kelele. Sikusikia hata kikohozi.

Wewe uliyekulia Lubumbashi unazijua kelele ninazozisema. Enzi zetu umeme ukikatika, mtaa wote ulikuwa gizani, mwenye nacho na asiye nacho. Bibi, ambaye sote tulimwita Kaku, alitoa nje mbabula yake, jiko la makaa, na majirani wakaja na sufuria zao kwa sababu makaa yake yaliwatosha wote. Bukari ya unga wa mahindi ilisongwa hapo hapo, sombe ya majani ya muhogo ikitokota kando, kinywaji cha munkoyo kikizunguka katika kikombe kimoja cha bati. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa, na moshi ulinipenda mimi kuliko watoto wengine wote. "Giza haina mukubwa," Kaku alikuwa akisema, akimpakulia mwalimu wetu sawasawa na muuza unga.

Umeme uliporudi, watu walipiga kelele: "Courant imerudia!" Nyumba moja baada ya nyingine iliitika, kona hadi kona. Kaku aliitika wa mwisho, tena kwa makusudi, kwa ile sauti yake nyembamba: "Na kwangu pia!" Siku malaria ilipomlaza kitandani asiitike, muuza unga, mama aliyetoka mkoa wa Kasai, aliyeishi ukuta kwa ukuta nasi, alikuja mbio kumtazama. Sisi watoto tuliona ni mchezo. Kumbe watu walikuwa wakijuliana hali.

Kisha zikaja paneli za jua. Ya kwanza ilikaa juu ya bati la muuza unga, halafu kwa mwalimu, mwishowe mtaa mzima ukang'aa. Sitakudanganya kwamba ni jambo baya; watoto wanasoma jioni, na samaki haozi tena. Lakini pamoja na paneli kuta nazo zilipanda, kwa kuogopa wezi wa hizo hizo paneli. Nilitaka kumnunulia Kaku ya kwake, akakataa katakata. "Nikipata yangu, nitatoka inje juu ya nini?" Akaendelea kutoa mbabula yake kila umeme ulipokatika. Hakuna aliyekuja na sufuria.

Mwezi uliopita, jioni, alianguka uani akiwa amebeba mbabula yake. Umeme ukarudi, balbu yake ikawaka. Hakuna aliyepiga kelele, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba sauti moja haikuitika. Majirani walimkuta asubuhi, mwili umeshapoa.

"Hatukusikia kintu, mutoto yangu," muuza unga aliniambia kwenye kilio, machozi yakimtoka. "Télé ilikuwa inasema na nguvu."

Najua hakusema uongo. Hicho ndicho kinachoniuma: sina hata mtu wa kumchukia. Wanasema madini ya betri za paneli zile yanatoka huku huku kwetu, chini ya miguu yetu. Basi tumechimba wenyewe kilichotufungia ndani.

Juzi, chini ya balbu ile, nilifungua mlango nikapaza sauti hadi koo likaniwasha: "Courant imerudia!"

Mbwa mmoja akabweka. Baadaye nikasikia muuza unga akiuliza kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa upole kabisa:

"Mutoto yangu, kumbe ilikatikaka?"

Nilikuwa bado nangoja ile sauti nyembamba ya mwisho.