Karani wa Ukoo

Karani wa ukoo wetu hufuta kidole gumba kwenye suruali kabla ya kugusa simu. Anachoandika kwenye orodha ya ukoo hapa Butiama, dada yake aliye Bunda anakiona papo hapo kwenye simu yake. Nilimwambia kwamba babu yangu alivukaga ziwa pale Mugango amepanda kiboko. Akaandika, akauliza, "Dume au jike, bibi?"

Basi nikamtajia habari za mtoto wangu wa kwanza, aliyeishi siku mbili. Kwetu asiyepewa jina hahesabiwagi. Kidole kikasimama hewani. "Huyu naye alipanda kiboko, bibi?" "Huyu wa kweli, mjukuu wangu. Mwandike." Akafuta kidole upya, akaandika. Simu ikaita, ni dada yake: "Kaka, mtoto wa bibi nimemwona. Mbona hana jina?" Jina nilikuwa nalo moyoni miaka hamsini. Nikalisema.