Umri wa Jiwe la Asego

Sifa ni zake Mungu, aliyeumba vinavyoonekana na visivyoonekana, akanipa uhai wa kuwasimulia kazi yangu.

Miaka ya sitini niliajiriwa kumbebea nyundo Mjiolojia wa Wilaya. Siku ya kwanza, kule Macalder, nilimwokotea jiwe jekundu zuri. Akalitupa.

"Hilo limeozeshwa na mvua. Vunja mwamba mpaka ndani."

Alitaka ulanga, magamba membamba yanayong'aa ndani ya mwamba. Tulipohamia Homa Bay alinieleza sababu. Ulanga una potasiamu, na atomi zake chache hubadilika zenyewe. Elektroni iliyo karibu na kiini cha atomi huingia humo kiinini. Protoni moja hugeuka nyutroni, na chembe ndogo mno iitwayo nyutrino hutoka ikaenda zake. Atomi ile si potasiamu tena. Imekuwa argoni, gesi inayonaswa ndani ya jiwe. Mwamba ukiyeyuka, argoni hutoroka; ukipoa, huanza kukusanyika upya. Ukiipima pamoja na potasiamu iliyobaki, unajua mwamba ulipoa lini.

Kwa hiyo jiwe lililopita motoni tulilikataa. Mama mmoja alituletea figa la jikoni kwake.

"Hili limepika ugali tangu enzi za mama mkwe. Mzee kuliko hili mtampata wapi?"

Bwana Mjiolojia alicheka hadi akaketi chini, kisha akamrudishia figa lake kwa heshima.

Tulichukua mawe kilimani Asego, yakapelekwa ng'ambo kupimwa. Majibu yalisema mamilioni ya miaka. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa watoto katika Shule ya Sabato, kazi niliyoipenda kuliko mshahara wangu. Watoto waliniuliza umri wa kilima, nami nikawajibu, nikawaeleza na habari ya elektroni. Mzee wa kanisa letu, lililofundisha kuwa dunia ina miaka elfu chache tu, akaniita mbele ya baraza.

"Wuoda, mwanangu, siku hiyo Biblia uliiacha wapi?"

"Nilikuwa nayo mkononi, jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa Kijaluo.

"Basi waambie watoto bwana wako alikosea, uendelee kufundisha."

"Siwezi, jaduong'. Jiwe lile nililivunja mwenyewe, na nilimwona akilifanyia kazi kwa uaminifu."

"Na Neno?"

"Naliamini. Sijui jinsi ya kuyaunganisha haya mawili, lakini siwezi kusema uongo ili nilitetee."

Mzee akasema darasa litapewa mwingine.

"Na mimi nikae wapi?"

"Viti vya nyuma vipo."

Nilikaa huko miaka mingi. Sikuhama kanisa, wala sikuiweka nyundo chini mpaka nilipostaafu. Niliwasikia watoto wakiimba upande wa pili wa ukuta, na mara nyingine iliniuma.

Mzee yule alipougua, aliniita nyumbani kwake. Nilidhani ataniuliza kama nimetubu.

"Ile elektroni yako," akasema, "nani huisukuma iingie?"

"Hatumjui wa kuisukuma, jaduong'. Wala hakuna awezaye kusema atomi ipi itageuka, au siku gani."

Akanishika mkono.

"Basi nawe una usilolijua, kama mimi. Omba wewe leo. Mimi nitasema amina."

Darasa sikurudishiwa. Lakini niliomba, naye akasema amina.

Nawe unayesoma, Mungu akupe moyo wa kusema kweli na subira ya kukaa na wenzako. Amani yake ikae nyumbani mwako.